Nihame Texas nikanunue shamba Iowa?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni Mkongomani wa Fizi. Niliishi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka 16, na sasa ni mwaka wa saba niko Texas na familia. Mimi na mke wangu tumeshapata uraia, mama mkwe ana grini kadi. Shemeji yangu yuko Cedar Rapids, jimbo la Iowa. Kila akipiga simu ananiambia niache kubeba boksi, nihamie kule nikalime. Anasema udongo wa kule ni mweusi kama masizi, haudai mbolea, na mahindi yanajiotea. Anasema serikali inagawa mashamba kwa anayetaka kulima, na watu wa kule wote wametajirika kwa mahindi. Tuna akiba ya dola 45,000. Mke wangu amekubali, mimi moyo unasita. Jembe nalijua. Je, tununue shamba? Na kama jimbo lina chakula chote hicho, mbona nasoma kwamba vijana wake wanahama? Nifafanulie taratibu."

Marahaba, ndugu yangu, na salamu kwa mama watoto. Moyo wako una haki ya kusita. Ndani ya barua yako naona maswali matatu yamefungwa kitambaa kimoja: kama udongo wa Iowa ni mzuri kweli, kama ardhi yake inapatikana, na kama anayelima kule anatajirika. La kwanza jibu lake ni ndiyo. La pili, kwa mfuko wako, ni hapana. La tatu inategemea babu yake alinunua lini. Niliishi Ames, katikati ya jimbo hilo, miaka minne nikisomea uchumi wa kilimo, kwa hiyo mengi nitakayokwambia niliyaona kwa macho, na machache yalinigharimu.

Tuanze na shemeji. Kuhusu rangi hajadanganya. Chukua koleo mwezi wa tano, chimba kando ya shamba: linazama bila kupiga jiwe, na kinachotoka ni kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya mvua ya kwanza. Ukikifinya mkononi, weusi unabaki kwenye mistari ya kiganja mpaka jioni. Mimi nimekulia kwenye udongo mwekundu wa Iringa, na siku ile nilisimama na donge mkononi kama mtu aliyeokota pesa.

Weusi huo una sababu. Zamani barafu nene ilishuka kutoka kaskazini, ikasaga miamba kuwa unga. Barafu ya mwisho iliyeyuka katikati ya Iowa kama miaka 12,000 iliyopita. Upepo ukachukua vumbi laini na kulitandaza. Upande wa magharibi, kando ya mto Missouri, vumbi hilo limejilundika kuwa vilima kamili. Juu yake ikaota mbuga ya nyasi ndefu kumzidi mtu, zenye mizizi inayokwenda chini mita mbili na zaidi. Kila mwaka sehemu ya mizizi hiyo ilikufa ardhini. Kwetu mzizi ukifa, joto na unyevu huuozesha haraka na mvua kubwa huondoka na chumvichumvi zake. Iowa ardhi huganda miezi kadhaa kila mwaka, kila kitu kinasimama, na mboji inabaki. Rudia hivyo kwa maelfu ya miaka na utapata donge lile jeusi. Mvua nayo ni ya kutosha, karibu milimita 850 hadi 900 kwa mwaka, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Aprili na Septemba, wakati mahindi yanaihitaji.

Lakini lipo jambo ambalo mgeni halioni, na shemeji hakukwambia. Sehemu kubwa ya kaskazini na katikati ya jimbo ilikuwa kinamasi. Maji yalituama kwenye mabonde madogomadogo, na walowezi wa kwanza waliikwepa wakaenda kukaa kando ya mito na miti. Ilikuja kuwa shamba pale watu walipochimba mitaro na kufukia mabomba ya udongo wa kuchoma, kama futi nne chini, safu kwa safu, ya kunyonya maji na kuyapeleka mtoni. Kazi hiyo ilianza karne ya 19 na haijaisha. Leo mabomba ni ya plastiki, na mashine huyalaza huku ikiongozwa na setilaiti. Asubuhi baada ya mvua kubwa, panda juu ya kilima uangalie shamba tupu: utaona mistari ya udongo uliopauka, mmoja baada ya mwingine, ambapo bomba limekausha mapema. Ndipo utaelewa kwamba Iowa ni ardhi iliyojengwa kama nyumba inavyojengwa. Mtu akikuuzia ekari moja, anakuuzia na yale mabomba.

Kuhusu mbolea, hapo shemeji kateleza. Mahindi ya Iowa yanakula naitrojeni, kirutubisho cha mimea, kwa wingi. Wakulima hubadilishana mwaka wa mahindi na mwaka wa soya, maana soya hupunguza kidogo njaa ya shamba, lakini bado wanamwaga mbolea ya viwandani na samadi ya nguruwe. Sehemu yake hushuka na maji ya mvua, huingia kwenye mabomba yale, kisha kwenye mito ya Raccoon na Des Moines, ambayo mji mkuu wa jimbo, nao unaitwa Des Moines, unainywa. Shirika la maji la Des Moines lililazimika kujenga mtambo wa kuchuja naitreti, yaani naitrojeni ya mbolea iliyoyeyuka majini, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2015 likazishtaki kaunti tatu za juu ya mto. Kesi ilitupwa mwaka 2017. Maji hayo yanaendelea mpaka Mississippi, mpaka Ghuba ya Mexico, ambako kila kiangazi mwani huota, huoza, na kumaliza hewa majini hata samaki wakakimbia. Nakutajia haya kwa sababu yatakuhusu hata kama hutalima. Nitalirudia nikifika kwenye kisima.

Na udongo wenyewe unapungua. Yapo makaburi ya zamani ambayo hayajawahi kuguswa na plau, bado yana nyasi za asili, na ukisimama langoni unaona shamba la jirani limeshuka chini ya usawa wa makaburi. Ile mbuga iliyofunika sehemu kubwa ya jimbo, iliyobaki haifiki hata moja ya mia.

Sasa hili la serikali kugawa mashamba. Habari hii ina mzizi wa kweli, ila ni mzizi wa zamani sana. Ardhi ya Iowa ilikuwa ya watu: Wasauk, Wameskwaki, Waioway ambao ndio waliiachia jina, na wengine. Marekani ilipata madai juu ya eneo hilo ilipolinunua kutoka Ufaransa mwaka 1803, na baada ya vita vya 1832, vilivyopewa jina la kiongozi wa Kisauk, Black Hawk, ukanda wa kando ya Mississippi ulichukuliwa. Wazungu wakaruhusiwa kuingia Juni 1833. Iowa ikawa jimbo tarehe 28 Desemba 1846. Wapimaji walikata nchi nzima kwa miraba ya maili moja kwa maili moja, ekari 640 kila mraba, na hadi leo barabara za vijijini zinafuata mistari hiyo: ukiwa kwenye ndege ni kama daftari la hesabu. Serikali iliuza ekari kwa dola 1.25. Ile sheria mashuhuri ya kugawa ekari 160 bure ilikuja mwaka 1862, na kufikia wakati huo sehemu kubwa ya Iowa ilikuwa imeshauzwa, au imepewa kampuni za reli, au imeshikwa na walanguzi. Waliopata bure Iowa ni wachache. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 1976. Leo hakuna ofisi yoyote Iowa inayogawa shamba, na mtu akikwambia anaijua, akakuomba ada ya fomu, shika mfuko wako.

Katika historia hiyo kuna kisa kimoja ninachokipenda. Wameskwaki walifukuzwa wakapelekwa Kansas. Baadhi walirudi kimyakimya, wengine hawakuwa wameondoka kabisa, na mwaka 1857 walichanga pesa wakanunua ekari 80 kando ya mto Iowa, kaunti ya Tama. Walinunua, kwa bei, ardhi iliyokuwa yao. Wameendelea kuongeza kipande kwa kipande, sasa ni zaidi ya ekari 8,000, na wapo pale hadi leo. Kutoka Cedar Rapids ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari.

Tufike kwenye pesa. Chuo Kikuu cha Iowa State hupima bei ya ardhi kila mwaka. Wastani wa mwaka 2023 ulikuwa dola 11,835 kwa ekari, wa juu kuliko miaka yote ya nyuma. Mwaka 2024 ukashuka kidogo, dola 11,467. Akiba yako yote, bila kubakiza ya kula, inanunua ekari nne kasoro. Ekari 80, ambazo kule ni kishamba, zinakaribia dola 917,000.

Utasema, si nitakopa? Hebu tupige hesabu hii polepole, maana ndiyo roho ya jibu langu. Ekari nzuri inatoa takribani busheli 200 za mahindi. Busheli moja ni kilo 25.4, kwa hiyo ni zaidi ya tani tano, yaani magunia 50 ya kilo mia. Najua umeguna, kwetu mtu akipata magunia kumi kwa ekari anachinja kuku. Sasa uza. Bei ikiwa dola 4 kwa busheli, ekari imekupa dola 800. Kabla hujatabasamu, tuseme ulikopa pesa ya ile ekari kwa riba ya asilimia 7. Riba ya mwaka mmoja ni dola 803. Riba peke yake imekula shamba zima, mpaka mabua. Bado hujanunua mbegu, ambayo inapita dola 100 kwa ekari, bado mbolea, dawa ya magugu, dizeli, bima, gesi ya kukaushia nafaka, na mashine ya kuvunia ambayo mpya yake inapita nusu milioni.

Basi wanawezaje? Wanaweza kwa sababu wengi hawakukopa. Utafiti wa umiliki uliofanywa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 84 ya ardhi ya kilimo ya Iowa haina deni, na asilimia 66 iko mikononi mwa watu wenye miaka 65 au zaidi. Bei ya ardhi nzuri hupanda mpaka inameza ile rutuba unayoiona. Mnunuzi wa leo anamlipa mwenye ardhi thamani ya mavuno ya miaka mingi ijayo. Udongo ule mweusi umeshalipiwa, na aliyelipwa ni aliyeutangulia. Zaidi ya nusu ya mashamba yanalimwa na mtu asiye mwenye ardhi: bibi kizee anaishi mjini, shamba amekodisha, na mpangaji anatoa kodi ambayo mwaka 2023 ilikuwa wastani wa dola 279 kwa ekari. Mpangaji huyo, bei ikiwa dola 4, anaambulia kidogo sana au anakula hasara. Bei ilipopita dola 7, mwaka 2012 na tena 2022, alipata. Anaishi kwa kusubiri miaka ya namna hiyo, na anakodi maelfu ya ekari ili senti chache za kila ekari zijumlike.

Na usifikiri bei ya ardhi haishuki. Miaka ya 1970 Urusi ya Kisovieti ilinunua nafaka nyingi, benki zikamwaga mikopo, wakulima wakaambiwa wapande mpaka ukingoni mwa ua. Kufikia 1981 ekari ilikuwa dola 2,147. Kisha riba ikapandishwa kukomesha mfumuko wa bei, Rais Carter akazuia nafaka kwenda Urusi mwanzoni mwa 1980, na mauzo ya nje yakadorora. Mwaka 1986 ekari hiyohiyo ilikuwa dola 787. Aliyekopa kwa dhamana ya shamba alijikuta anadaiwa kuliko thamani yake. Minada ilifanyika uani kwa mtu, majirani wakinunua trekta yake huku yeye akiwaangalia. Wazee niliokutana nao Ames walikuwa wanataja mwaka 1985 kama sisi tunavyotaja mwaka wa njaa. Hii ndiyo sababu benki za kule, akija mtu mpya asiye na shamba la urithi, humsikiliza kwa adabu kisha humrudisha nyumbani.

Umeuliza kwa nini vijana wanahama. Jibu limo humo humo. Mashine moja inafanya kazi ya familia kumi. Sensa ya kilimo ya 2022 ilihesabu mashamba 86,911 katika jimbo zima, wastani wa ekari 345. Iowa ilikuwa na watu milioni 2.2 mwaka 1900 na milioni 3.2 mwaka 2020. Karne nzima na ushee imeongeza milioni moja tu, na kaunti nyingi za mashambani zina watu wachache kuliko enzi za babu zao. Shule inafungwa, duka la dawa linafuata, kinabaki kilabu cha pombe na ghala la nafaka. Wanaokua ni miji: Des Moines na vitongoji vyake, Ames, Iowa City. Ukipima uchumi wa jimbo, kilimo chenyewe hakifiki hata sehemu moja ya kumi. Viwanda na biashara ya bima na fedha vinakipita mbali. Matrekta ya John Deere hutengenezwa Waterloo, makampuni ya bima yamejaa Des Moines, na zaidi ya nusu ya umeme wa jimbo unatokana na upepo. Mkulima anayeruhusu mnara mmoja wa upepo shambani wakati mwingine hupata kodi ya uhakika kuliko mahindi.

Na mahindi yenyewe si haya unayoyafikiria. Hili huwashangaza watu wetu wengi. Utaendesha gari saa tatu katikati ya mahindi na hutaona hindi hata moja la kuchoma. Ni ya njano, magumu, ya kiwandani. Zaidi ya nusu ya mahindi ya Iowa huenda kwenye viwanda vya ethanoli, huchanganywa na petroli, na machicha yake hulishwa ng'ombe na nguruwe. Sehemu nyingine inalisha mifugo moja kwa moja, nyingine inageuzwa sukari ya soda, nyingine inashuka kwa mashua za Mississippi kwenda ng'ambo. Wazee wa Tanzania wanaokumbuka unga wa njano wa msaada, ule walioubatiza yanga, walikula ndugu wa mahindi haya, na hawakuyasifu. Cedar Rapids anakoishi shemeji ni mji wa kusaga nafaka. Siku nyingine upepo ukigeuka mji mzima unanukia uji wa shayiri. Mwambie akuelezee harufu hiyo badala ya kukuelezea utajiri.

Sasa njia zilizopo. Watakuletea habari ya nguruwe. Iowa ina nguruwe zaidi ya milioni 20, takribani theluthi moja ya nguruwe wote wa Marekani, na wengi hufugwa kwa mkataba: wewe unajenga banda la vichwa 2,400, kampuni inaleta nguruwe, chakula na daktari, inakulipa kwa nafasi. Inavutia. Lakini banda la namna hiyo leo linakaribia dola milioni moja, deni ni lako, nguruwe si wako, na mkataba ukikatika unabaki na jengo refu lisilofaa kitu kingine. Faida kubwa ya banda ni samadi, na samadi inamfaa mwenye shamba la kuimwagia. Wewe huna. Kwa hali yako, achana nalo.

Kukodi ekari mia za mahindi bila mashine, pia achana nalo.

Ninachokiona kinakufaa ni kidogo, na nitakisema bila kukipamba. Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda walioko Cedar Rapids, Iowa City na Des Moines wanatafuta lengalenga, matembele, nyanya chungu, kisamvu cha kubahatisha na mahindi meupe ya kuchoma. Dukani havipo, au vimekauka kwenye friza. Robo ekari inayotunzwa na mtu anayejua jembe inaweza kulisha nyumba na kuleta pesa ya kiangazi kizima. Karibu na Des Moines, mradi uitwao Global Greens chini ya shirika la Lutheran Services in Iowa umewapa wakimbizi viwanja na mafunzo kwa miaka mingi, na wapo watu wa Maziwa Makuu waliotoka hapo wakajitegemea. Miji mingine ina viwanja vya kukodi kwa ada ndogo. Msimu ni mmoja tu kwa mwaka. Jalidi, yaani baridi ya kugandisha mimea, ya mwisho hupita mwanzoni mwa Mei, ya kwanza hurudi kuanzia mwisho wa Septemba. Kwa hiyo hiyo ni kazi ya jioni na Jumamosi, huku kazi ya mshahara ikiendelea. Asikudanganye mtu kwamba utaacha kazi.

Nikupe na kosa langu. Mwaka wa pili nilikodi kipande kidogo nje ya Ames, nikapanda mahindi meupe, nikiota ugali. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na ekari 300 za mahindi ya njano. Agosti nikamenya la kwanza: madoadoa, punje nyeupe na punje za njano zimechanganyika kama kanga. La pili vilevile. Chavua ya njano ilikuwa imevuka barabara, na kwa mahindi rangi ya punje hubadilika mwaka huohuo, haisubiri kizazi kijacho. Ukitaka meupe matupu, panda mbali sana na shamba la njano, au pishanisha tarehe kwa wiki tatu hivi ili yasitoe mbelewele pamoja. Na jambo kubwa zaidi: dawa ya magugu ya jirani. Ikipeperuka, mahindi yake hayadhuriki, mboga zako zinajikunja. Kabla ya kukodi uliza jirani anapuliza nini, na uulize kama kiwanja chako kinakubaliwa kwenye daftari la mtandaoni la mazao yanayodhurika, ambalo wapuliziaji wanashauriwa kulitazama.

Miaka miwili au mitatu ya hesabu zilizoandikwa, hata za mchicha, ndiyo itakufungulia mlango mwingine. Idara ya Kilimo ya Marekani ina mikopo midogo ya hadi dola 50,000 kwa wanaoanza, na ofisi zake ziko karibu na wakulima. Jimbo nalo humpunguzia kodi ya serikali mwenye ardhi anayekodisha kwa mkulima mpya. Wenye mashamba wengi hawaijui, kwa hiyo wewe ndiye utakayewaambia. Akiba yako iweke hivi: isiyopungua nusu usiiguse, ni ya msimu wa baridi na gari kuharibika.

Kuna mambo mengine ya kuonana na mtu ana kwa ana, si kwa barua. Kila kaunti katika zile 99 inahudumiwa na bwana shamba au bibi shamba wa Iowa State. Ni bure, na ukimpelekea namba ya kiwanja atakuonyesha daraja la udongo wake, kipimo kinachoishia 100. Usitoe arbuni kabla ya hapo. Wakili ni lazima pale jina la mtu asiye raia linapoingia kwenye hati. Sheria ya Iowa inamzuia asiye raia na asiye mkazi wa kudumu kununua ardhi ya kilimo, isipokuwa kwa masharti machache. Wewe na mkeo mko salama, mama mkwe mwenye grini kadi pia, lakini ndugu aliyebaki Nyarugusu au mjomba aliyeko Oman akichangia na kutaka jina lake liandikwe, hapo nenda kwa wakili kwanza. Na kama mtapanga nyumba ya mashambani yenye kisima, pima naitreti kabla mtoto hajanywa, hasa mkiwa na mtoto mchanga anayetumia maziwa. Kiwango kisizidi miligramu 10 kwa lita, na kuchemsha hakuiondoi, huizidisha. Ofisi ya afya ya kaunti itakuelekeza.

Kwa mama watoto, nadhani atapenda kujua kwamba shule za Cedar Rapids zimeshazoea watoto wanaozungumza Kiswahili, na kwa rafiki zenu Waislamu, mji huo una msikiti uliojengwa mwaka 1934, mkongwe kuliko yote iliyobaki kati ya iliyojengwa kwa kazi hiyo Marekani. Mtakuta watu. Ila tarehe 10 Agosti 2020 upepo wa ajabu ulipita pale ukang'oa maelfu ya miti na kulaza mahindi ya kaunti nzima kwa chini ya saa moja, basi bima ya nyumba msiikwepe.

Fanya hivi: omba likizo ya wiki moja mwezi wa kwanza, siyo wa saba. Nenda peke yako, ukalale kwa shemeji baridi ikiwa nyuzi 15 chini ya sifuri, uone kama mgongo unaikubali. Ukiwa huko piga simu za viwanja, maana vinagawiwa kabla theluji haijayeyuka, na mwombe shemeji akupeleke kwenye hilo shamba linalogawiwa bure. Mwache yeye aendeshe.